Naenda ZIFF na skripti yangu, naombeni ushauri nijiandae vipi

Kalamu_Kavu:
Wakuu, heshima kwenu. Mimi ni mwandishi mchanga, nipo Morogoro. Nina skripti ya filamu ndefu, kurasa 104, rasimu ya tatu tulimaliza mwezi uliopita. Nakwenda ZIFF, tamasha la filamu la Zanzibar, tiketi ya boti nimeshakata. Kuna prodyuza alisoma muhtasari wangu, kasema tuonane Forodhani. Usingizi sipati. Nichape nakala ngapi? Nivae nini? Malazi nafuu yako wapi? Na nikishakaa mbele yake nianze na lipi? Natanguliza shukrani.

BiMkunazini:
Mwanangu, karibu Unguja. Chumba weka leo. Tamasha tarehe zake hubadilika, ila huangukia kati ya Juni na Agosti, na ndio msimu watalii wamejaa. Ndani ya Mji Mkongwe bei hupanda. Ulizia Michenzani au Kikwajuni, unatembea kwa miguu mpaka Darajani na kuendelea. Miezi hiyo kusi linavuma, boti inarusha kweli. Kaa chini upande wa nyuma, wala usikae mbele. Dawa ya kichefuchefu meza nusu saa kabla boti haijang'oa, ukisubiri mpaka uanze kutapika umeshachelewa. Kitambulisho kiwe mkononi. Filamu za usiku pale Ngome Kongwe ni uwanja wa wazi, unakalia ngazi za mawe: beba shuka la kukalia na sweta. Shati na suruali ndefu vinatosha, usinunue suti.

FundiSkripti:
Usichape kurasa 104. Hakuna anayezunguka na furushi la mtu asiyemjua. Chapa ukurasa mmoja tu, nakala kumi na tano hivi: jina la filamu, aina yake, urefu, kisa kwa sentensi moja isiyozidi maneno 30, kisha muhtasari wa aya tatu ambao MWISHO WA KISA UMO. Waandishi wengi huficha mwisho wakidhani wanamvutia msomaji, na prodyuza anahitaji kujua kama kisa kinafika. Chini weka simu na barua pepe. Skripti nzima iwe PDF kwenye simu, itume akiiomba.

Andaa muhtasari wa Kiingereza pia, hapo Ngomeni wanakuja watu wa nchi nyingi. Ukikaa naye anza na mhusika na anachokitaka, halafu kinachomzuia. Dakika mbili, kisha nyamaza aulize. Usimvamie mtu anapoingia kuangalia filamu yake mwenyewe. Subiri maswali na majibu baada ya onyesho, uliza swali la maana kuhusu filamu aliyoileta, ndipo umfuate. Na ujue kabisa kwamba Jahazi la Dhahabu, tuzo kuu ya ZIFF, hupewa filamu iliyokamilika, skripti haipewi. Wewe unakwenda kutafuta watu.

Mzee_wa_Bonde:
Kijana, filamu za Bongo mwandishi ndiye wa mwisho kulipwa. Hiyo nauli ungenunua mbegu. Tafuta kwanza kazi ya mikono, sanaa ifuate. Mungu akutangulie.

FundiSkripti:
Mzee wangu, kaomba ushauri wa safari, mbegu hajaulizia.

Hakimiliki_Kwanza:
Mtoa mada, nina swali moja. Umeandika "skripti yangu", halafu "tulimaliza". Mlimaliza na nani?

Kalamu_Kavu:
Ni namna ya kusema tu mkuu. Turudi kwenye malazi, Kikwajuni usiku kuko salama?

BiMkunazini:
Kuko salama. Mjibu mwenzio.

Hakimiliki_Kwanza:
Nauliza kwa sababu prodyuza makini, kabla ya kukulipa hata shilingi, ataomba karatasi za kuonyesha nani anamiliki skripti. Anayemfadhili ataziomba, na kituo cha televisheni kitaziomba tena. Jina la nani liko kwenye jalada?

Kalamu_Kavu:
Sawa, niseme. Tuliandika wawili, mimi na rafiki yangu aliyehamia Mwanza. Tulikosana. Jalada lina jina langu peke yangu na PDF nimeshamtumia prodyuza. Lakini nisikilizeni kabla hamjanihukumu: wazo lilikuwa langu, nilichapa kila kitu mimi, mwisho wote niliubadilisha mimi. Yeye hajibu ujumbe. Na prodyuza alisema anapenda kushughulika na mtu mmoja. Sasa nimsubiri mpaka lini?

Mzee_wa_Bonde:
Dhuluma haina baraka. Rudisha jina la mwenzio.

Hakimiliki_Kwanza:
Wazo halilindwi. Sheria ya Hakimiliki ya 1999 inalinda namna lilivyoandikwa: maonyesho yenyewe, mazungumzo yenyewe. Kama maonyesho ameandika na yeye, ni mmiliki mwenza hata kama kompyuta ilikuwa yako. Haki hiyo inazaliwa kazi inapoandikwa, haingoji usajili. Kusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Bara, kunakupa ushahidi wa tarehe, na ukisajili kwa jina moja kazi ya watu wawili umejitengenezea ushahidi wa uongo. Tena hakimiliki si jambo la Muungano: Bara ni COSOTA, Visiwani ni COSOZA, kila upande una sheria yake.

Tatizo linalipuka hivi. Unasaini, filamu inapigwa, bango linatoka. Rafiki yako analiona bango. Barua ya wakili inakwenda kwa prodyuza, na mkataba wako una kifungu ulichothibitisha kwamba kazi ni yako peke yako. Gharama zote zinakugeukia wewe.

Kauli ya "mtu mmoja" inatibika: karatasi moja inayokuteua wewe kuwa msemaji wa wote wawili.

Dira_ya_Kaskazi:
Jamani, simameni kidogo. Marafiki wawili, skripti moja, mmoja kafutwa jina, boti inasubiri, prodyuza yupo Forodhani na kalamu. Hii ni filamu! Naona mtoa mada amekwama kwenye skripti, anatuchota sisi tumwandikie mazungumzo. Tena jina lenyewe Kalamu Kavu.

Mzee_wa_Bonde:
Nami nimeanza kushangaa. Kila akiulizwa anajibu kama mwigizaji.

Kalamu_Kavu:
Naapa ni kweli. Ningetunga kisa, mimi mwenyewe ningejiweka mbaya hivi?

Dira_ya_Kaskazi:
Na kama unatuchota, maneno yetu humu ni yetu pia. Usije ukayabeba.

FundiSkripti:
Hili halihitaji kuapa. Bandika hapa onyesho la kwanza, mistari michache. Mwenye kurasa 104 hawezi kukosa mistari mitatu.

Kalamu_Kavu:
NJE. SOKO LA SAMAKI FERI – ALFAJIRI
Salma (22) anasukuma ndoo ya samaki kwa mguu, macho kwenye simu. Barafu inayeyuka, maji yanamfuata kisigino. Anakumbuka alivyomdanganya mama yake.

FundiSkripti:
Hii ni skripti. Kichwa cha onyesho kimekaa sawa: nje au ndani, mahali, wakati. Mstari wa maji kwenye kisigino ni mzuri sana, kamera inauona. "Anakumbuka" kamera haikioni. Mpe kitendo, kwa mfano simu inaita, jina ni MAMA, anaizima. Hakikisha herufi ni Courier pointi 12, ndipo ukurasa mmoja unakaribia dakika moja, vinginevyo hizo 104 hazina maana. Huo mstari wa kisigino kaandika nani?

Kalamu_Kavu:
Kaandika yeye. "Anakumbuka" niliongeza mimi.

Dira_ya_Kaskazi:
Nafuta kauli yangu. Samahani mkuu.

Hakimiliki_Kwanza:
Basi fanya leo kabla ya boti. Mpigie simu, usimtumie ujumbe. Mwambie prodyuza gani, ameona nini, jina lake halikuwepo na unalirudisha. Kisha andikeni ukurasa mmoja: jina la skripti, tarehe ya rasimu, majina kamili na namba za NIDA, mgawanyo wa mapato, mpangilio wa majina kwenye filamu, nani anazungumza na wanunuzi, na kwamba hakuna anayesaini kuuza bila sahihi ya mwenzake. Mashahidi wawili. Asaini Mwanza, apige picha akutumie, nakala halisi ije kwa basi.

Prodyuza mtumie PDF mpya yenye majina mawili na sentensi moja: "Hii ndiyo nakala sahihi." Usijieleze zaidi. Forodhani usisaini chochote. Akileta mkataba, uchukue ukausome. Angalia kama ni wa kuuza moja kwa moja au wa kukushikia skripti kwa muda, kwa kawaida miezi 12 hadi 18, kwa malipo kidogo huku akitafuta fedha. Huo wa pili lazima uandikwe kwamba muda ukiisha bila filamu, haki zinarudi kwenu, na bei kamili ya kununua itajwe humohumo.

Kalamu_Kavu:
Rafiki yangu amepokea simu. Hakutukana. Ameuliza asilimia tu. Mimi naona 60 kwa 40 kwa sababu ya ule mwisho.

Hakimiliki_Kwanza:
60 kwa 40 inawezekana akikubali kwa sahihi. Asipokubali, nusu kwa nusu, na uwahi boti.

BiMkunazini:
Chumba Kikwajuni kipo, nimeulizia. Nitumie jina lako kwa ujumbe wa faragha.