Kofia ya kiua ya babu: ni nani bado anajua kuifua na kuitia wanga?

MjukuuWaTanga

Assalamu alaikum, wanajamvi. Tulipogawana vitu vya marehemu babu huko Tanga mwezi uliopita, mimi nilipata sanduku lake la msaji lenye misumari ya shaba, ambalo wenzangu walilikataa kwa kuwa ni zito na halipiti kirahisi katika milango ya nyumba za kupanga. Ndani mlikuwa na kanzu mbili za melimeli, koti jeusi lililoliwa na nondo kwenye kola, pasi ya mkaa yenye kijogoo cha shaba kwenye kifungio, na kofia ya kiua, ile ya vitundu vilivyoshonewa uzi kwa mkono, iliyoviringwa katika kipande cha kanga. Kofia imegeuka rangi ya chai ya maziwa na imelegea kabisa.

Babu alikuwa karani katika shamba la mkonge. Duka lilikuwa hatua 30 kutoka barazani kwake, lakini sikuwahi kumwona akienda kununua kiberiti kichwa wazi: alivaa kanzu, akatia koti juu yake, akaweka kofia, akashika bakora, ndipo akatoka. Nikilinganisha na harusi niliyohudhuria juzi, ambako bwana mmoja aliingia kwenye nikaha amevaa fulana ya timu ya mpira, nahisi kuna jambo tumelipoteza. Naomba kujua namna ya kuisafisha kofia hii bila kuiharibu, kwani nataka kuivaa siku ya ndoa ya mdogo wangu. Pia ningependa kusikia kama kuna wengine wanaozikumbuka desturi hizo kama mimi.

MshonajiUnguja

Waalaikumu salaam, mwanangu. Kwanza nakuomba usiikaribishe dawa ya kung'arishia nguo, kwa maana uzi wa zamani ukiguswa na dawa hiyo hukatika wenyewe, na kiua kimoja kikifumuka, jirani zake hukifuata. Iloweke usiku kucha katika maji ya vuguvugu yenye sabuni kidogo, uyabadilishe asubuhi, na usiifikiche wala kuikamua. Ibonyeze tu kwa viganja mpaka maji yatoke safi.

Kisha pika wanga wa muhogo uwe mwepesi kama uji wa mgonjwa, uuchuje kwa kitambaa ili usiache madonge yatakayoziba vitundu, na uichovye kofia ingali na unyevu. Tafuta bakuli au sufuria inayolingana na kichwa chako, uivike kofia hapo, na uunyooshe ubavu wake kwa vidole ukizunguka polepole. Ikikaribia kukauka, chukua sindano butu uzibue viua kimoja kimoja. Kazi hii huchosha macho, lakini ndiyo inayoitofautisha kofia iliyotunzwa na iliyofuliwa tu.

Nimezishona kofia hizi tangu nikiwa msichana. Kila kiua ni kijitundu kinachotobolewa na kuzungushiwa uzi kwa mkono, na sehemu ya juu hushonwa mbali na ubavu, halafu zikaunganishwa. Kofia nzuri ilinichukua miezi, kwa sababu niliishika baada ya kupika, kufua na kulaza watoto. Za mashine zinazouzwa leo huzitambua kwa kuzigeuza ndani tu.

MwanaMvita

Umenikumbusha mbali, ndugu yangu. Huku Mombasa kitu ninachokitamani zaidi ni buibui la kamba, lile lililoshonwa kama mfuko mpana wa kitambaa cheusi, ambalo kamba yake ilipita juu ya paji la uso na kufungwa kisogoni, kisha mvaaji akaishika nguo iliyobaki kwa mkono chini ya kidevu. Tukivuka Likoni tukiwa wadogo, mimi na dada yangu tuliingia ndani ya buibui la mama tukajificha upepo, na humo mlikuwa na harufu ya udi na ya leso mpya. Mabaibui ya siku hizi, yenye mikono na vifungo yaliyofuata mitindo ya Ghuba, ni mazuri na yanamwachia mtu mikono yote miwili, jambo ambalo siwezi kulibeza. Lakini hayana nafasi ya kuficha mtoto.

MsomaWaTarehe

Naomba nichangie bila kumvunja moyo yeyote. Tunapozisifu staha za mavazi ya zamani, inafaa tuulize zilikuwa staha za nani. Utumwa ulifutwa kisheria Unguja mwaka 1897. Kabla ya hapo, kwa desturi ya pwani, mtumwa hakuvaa kofia wala viatu mbele ya mabwana, na wanawake watumwa walijulikana kwa kaniki zao. Huko Lamu mabibi wa nyumba kubwa walitoka wakiwa ndani ya shiraa, yaani hema la kitambaa lililobebwa na watumwa kwa vijiti, kwa hiyo hata kujisitiri kulihitaji kumiliki watu wengine. Buibui ambalo MwanaMvita analikumbuka lilipoenea mwanzoni mwa karne ya 20, lilimwezesha mwanamke yeyote kujifunika mwenyewe bila mbebaji. Huenda babu zetu na bibi zetu walishikilia sana kofia na kanga kwa sababu baadhi ya wazazi wao walinyimwa haki ya kuzivaa. Kama ni hivyo, koti la kwendea dukani kununua kiberiti halikuwa mbwembwe hata kidogo.

MshonajiUnguja

Bwana Msoma, umesema kweli, nami nitaongeza dogo. Kofia tulizishona sisi wanawake, wakazivaa wanaume, na ile pesa ya kofia ndiyo iliyokuwa yetu wenyewe ndani ya nyumba, isiyoulizwa na mtu. Kwa hiyo pale wanaume walipoanza kutembea vichwa wazi, akinamama wengi walihuzunika kwa ajili ya pesa hiyo, si kwa ajili ya mavazi.

MjukuuWaTanga

Nawashukuru nyote, na shikamoo mama wa Unguja. Sikuwahi kujiuliza ni mkono wa nani ulioshona kofia hii, na mama yangu naye hajui. Nimefuata maelekezo yote isipokuwa wanga niliupika mzito mno mara ya kwanza, ikabidi nifue upya. Sasa kofia imesimama vizuri juu ya bakuli la saladi, nyeupe, isipokuwa alama moja ya njano juu ya sikio la kulia, ambayo ndimu na chumvi hazikuitoa. Mama ameitazama akacheka, akasema ni mafuta ya nazi ya babu, ambaye kila alipofikiri aliisukuma kofia upande huo kwa kidole. Nimeiacha alama ilivyo. Inanibana kidogo, lakini nikaha ni fupi.