Sinza michongoma imeisha, ni kuta tu. Kwenu vipi?

Mtoa mada: Wakuu nimerudi Sinza, Dar, kwa mzee, nilikokulia, aisee nimepotea njia. Zamani kati yetu na jirani ilikuwa michongoma tu, ina kitobo tunapita sisi na kuku, maza akiishiwa chumvi anaita "jirani eeeh" bakuli linapita kwa juu na likirudi lina maandazi. Saa hizi ukuta, vipande vya chupa, waya wa umeme, na anayekaa pale hata simjui. Kwenu kukoje?

kaka_mtaa: Mkuu viwanja vya Sinza vilipimwa miaka ya 70 kwa ule mradi wa Benki ya Dunia, vidogo vile, ukipiga chafya jirani anakupa pole, lazima mjuane. Kuta wameleta vibaka, wala si roho mbaya.

ShangaziTanga: Vibaka wapi, ni mabaa na fremu za maduka! Huku kwetu minyaa bado ipo, ila wanangu ule utomvu ukiingia machoni mtanikumbuka.

Mtoa mada: Shkamoo shangazi 😂 sisi mpira ukiangukia kwa babu wa jirani anaupasua kwa panga, halafu jioni anatuita tukale embe.