Mafundi wa Malindi, acheni kupuliza filta zetu kwa upepo wa matairi!

Jamani, hili limezidi. Gari likipelekwa sevisi hapa mjini, fundi anafungua boneti, anachomoa filta ya hewa, anaigonga kwenye tairi mara tatu nne, kisha anavuta mpira wa kompresa na kuipuliza. Vumbi linatoka wingu zima, mwenye gari anaridhika, filta inarudishwa na pesa ya "ea klina" inadaiwa. Huko si kusafisha, ni kuua injini ya mtu kwa pesa zake mwenyewe.

Filta hiyo ni karatasi iliyokunjwakunjwa. Kompresa ya gereji hukaa kwenye 100 na zaidi kwa kipimo tunachojazia matairi (PSI), na karatasi hii haifai kupita 30. Ukiipiga kwa nguvu hiyo, nyuzi zake huachana na kubaki vitundu usivyoviona kwa macho. Na vumbi letu si unga wa ngano. Mchanga wa Mambrui na vumbi jekundu la njia ya Marafa vina chembe ngumu kuliko chuma cha silinda. Zikipenya hushikana na oili na kusaga ringi za pistoni kama msasa. Baadaye gari linaanza kula oili na kutoa moshi wa buluu, na fundi yule yule anasema injini imechoka. Imechoshwa na nani?

Tena filta iliyoshika vumbi kidogo huchuja vizuri kuliko mpya, kwa sababu vumbi lile huziba mianya mikubwa. Kwa hiyo kuifungua na kuipuliza kila sevisi ni hasara mara mbili. Wengine huiosha kwa petroli au sabuni, gundi ikaachia na mikunjo ikalala. Wengine huipaka oili ya injini "ishike vumbi", na oili ile inakwenda kuganda kwenye waya mwembamba wa sensa ya hewa, ile inayopima hewa inayoingia kwenye injini.

Kazi yenyewe ni ya dakika kumi, fanyeni nyumbani. Zima injini, iache ipoe. Fuata bomba nene la hewa kutoka kwenye injini mpaka kwenye boksi jeusi la plastiki. Kabla ya kufungua, futa kifuniko kwa kitambaa chenye unyevu, la sivyo mchanga wa juu utaangukia ndani. Toyota nyingi ndogo zina klipu mbili za chuma; magari mengine yana skrubu za bisibisi ya nyota. Inua kifuniko taratibu, maana mara nyingi sensa ya hewa imekaa hapo hapo na nyaya zake ni fupi. Itoe filta ikiwa imelala, usiiinamishe.

Sasa pitisha kidole upande wa juu, ule unaoelekea injini. Kidole kikitoka na vumbi, filta imetoboka au haikukaa sawa, hata kama karatasi inaonekana nzuri. Futa boksi kwa kitambaa, usipulize, utalisukuma vumbi kwenye bomba. Weka filta mpya, zungusha kidole pembeni uhakikishe mpira umeingia kwenye mfereji wake pande zote. Kifuniko kina meno upande mmoja. Yaingize kwanza, ndipo ufunge klipu. Klipu ikidai kugongwa, filta haijakaa. Fungua tena.

Na hizo klipu! Hewa ya chumvi huku kwetu inazila kutu mpaka zinakatika, halafu fundi anafunga boksi kwa kipande cha tyubu. Mpira ule ukilegea kwa joto, kifuniko kinanyanyuka na hewa inapita bila kuchujwa. Nunueni klipu.

Vitabu vya magari mengi hutaja kilomita 20,000 hadi 40,000 kwa njia ya lami. Anayeshinda Gongoni, Marereni na Marafa akate nusu, na kaskazi ikivuma, Desemba hadi Machi, aangalie kila mwezi kwa tochi ya simu. Mwanga usipopenya mikunjo, badilisha.

Jibu, kutoka Muyeye: Umesema kweli tupu, ndugu yangu. Niongeze la dukani: wanauza filta ya ea kondishena kama ya injini. Kwa Toyota, namba ya filta ya hewa ya injini huanza na 17801. Ukiona 87139, hiyo ni ya ndani ya gari. Pia bonyeza mpira wa pembeni kabla hujalipa. Feki huwa mgumu kama plastiki, hauzibi.

Jibu, kutoka Maweni: Wenye pikapu za dizeli zenye filta ya duara, chini ya boksi nyingi kuna kidomo cha mpira. Kibinye kila wiki kimwage vumbi. Kikipasuka badilisha, usikizibe kwa gundi. Vumbi kwenye dizeli yenye turbo, yaani feni inayosukuma hewa kwenye injini, hula vibawa vya turbo kabla halijafika kwenye ringi. Ila ile ya watu kusema filta chafu humaliza petroli ni habari ya magari ya kabureta. Gari la sindano, ambalo kompyuta ndiyo hupima petroli badala ya kabureta, hupoteza nguvu, hasa ukikanyaga kupita lori.

Jibu, kutoka Barani: Mleta uzi, mimi nimebadilisha vizuri lakini taa ya injini imewaka. Nirudi gereji?

Mleta uzi: Usiende bado, bwana. Zima gari, kagua soketi ya sensa pale kwenye kifuniko. Sukuma mpaka isikike tik. Kisha kagua bana ya bomba kubwa kama imekaza. Bomba likiachia baada ya sensa, kompyuta husoma hewa pungufu na kuandika namba ya hitilafu P0171. Soketi ikiwa ndiyo iliyochomoka huandika P0102. Ukishachomeka, taa huzimika yenyewe baada ya safari chache. Isipozimika, ndipo utafute mwenye mashine ya kusoma namba hizo, na filta yako usimpe mtu aipulize.