Tupeane uzoefu: ni lini kura yako hapa Uingereza ilikuwa na uzito?

Kisiki wa Walton
Wanajamvi, tangu asubuhi ya tarehe 5 Julai 2024, siku moja baada ya uchaguzi mkuu wa Bunge la Uingereza, sijatulia. Nimeishi jimbo la Liverpool Walton miaka kumi na mmoja, na kila uchaguzi ninakwenda kituoni, kwa kuwa sisi raia wa nchi za Jumuiya ya Madola wenye kibali cha kuishi hapa tunaruhusiwa kupiga kura. Lakini hapa anayeongoza kwa kura jimboni ndiye huchukua kiti, na kura za wengine huishia hapo. Kwetu chama cha Labour hushinda kabla hata karatasi hazijachapishwa, na mwaka 2017 mgombea wao alipata zaidi ya asilimia 85. Safari hii chama hicho kimepata asilimia 34 hivi ya kura za nchi nzima na kuchukua viti 411 kati ya 650, ilhali chama cha Reform UK, ambao siwapendi hata kidogo, wamepata asilimia 14 wakaambulia viti vitano. Mwenye kisa chake akimwage hapa.

Mjukuu wa Lualaba
Kongo haimo katika Jumuiya ya Madola, kwa hiyo mimi nilisubiri hadi nilipopata uraia, huku Mnyarwanda niliyepanga naye chumba hapa Sheffield akipiga kura kila mara na kunisimulia. Kura yangu hata ikienda na maji, naipenda hivyo hivyo.

Mkaa Glasgow
Kisiki, umenikumbusha uchaguzi wangu wa kwanza wa Bunge la Uskoti. Karani alinipa karatasi mbili, nami nikadhani amekosea, nikamrudishia moja kwa heshima zote. Alicheka, kisha akanieleza kwamba ya kwanza ni ya mbunge wa jimbo na ya pili ni ya chama, na kwamba viti vya ile ya pili hugawiwa ili kuwafidia waliopunjwa na ile ya kwanza. Huku wamefanya hivyo tangu 1999 na mbingu hazijaanguka. Uchaguzi wa Bunge la Uingereza, lile la London, ndio unaorudi kwenye ukale: mwaka 2015 SNP, chama cha kitaifa cha Uskoti, walipata nusu ya kura za Uskoti wakachukua viti 56 kati ya 59, na jirani yangu, mwana Labour tangu ujana wake, alikaa wiki nzima bila kufungua pazia.

Mama Nuru
Nilikuwa nimeapa kutolisema hili, lakini mada imenichokonoa. Mimi ni mkaazi wa Hendon, jimbo mojawapo la London.

Alhamisi ile ya tarehe 4 nyumba ilikuwa imejaa, kwa sababu harusi ya binti yangu ilikuwa Jumamosi. Wengine wanachambua mchele, wengine wanapimana nguo, na pasipoti zetu zilikuwa kabatini tayari kwa kuwa siku hizi kituoni hupokelewi bila kitambulisho chenye picha. Mume wangu akasema tusijisumbue, kila mtu anajua nani ataunda serikali. Mchana ukapita, alasiri ikapita. Saa mbili na nusu usiku mama mkwe wangu, mwenye miaka 78, ambaye hajakosa uchaguzi hata mmoja tangu alipohamia nchi hii, akasimama mlangoni na buibui lake, pasipoti kwapani, akasema, "Mliniahidi kunipeleka." Nami, mikono yote imejaa vitunguu, nikamjibu, "Mama, ngoja kidogo." Kidogo hicho kikavuka saa nne, na vituo hufungwa saa nne.

Kesho yake matokeo ya Hendon yakatoka: Labour wamewashinda Conservative kwa kura 15. Mama mkwe hakusema neno. Alianza kuhesabu watu sebuleni kwa kidole, tukawa tisa wenye haki ya kupiga kura, kisha akaongeza wanne wa nyumba ya shemeji yangu ambao nao walikuwa kwetu wakikata nyama. Hadi leo salamu zangu anaziitikia kwa kifupi.

Baba Wawili
Pole sana, Mama Nuru. Kumi na watatu wasingetosha, na pengine mngegawanyika wenyewe kwa wenyewe.

Mama Nuru
Huo si ufariji, ndugu yangu.

Msomi wa Leicester
Kisa hiki kinatosha kumnyamazisha Kisiki. Mfumo uliopo unaipa kila kura nguvu, na kila jimbo linamjua mbunge wake kwa sura. Isitoshe, wananchi waliulizwa mwaka 2011, na karibu asilimia 68 wakakataa mabadiliko.

Kisiki wa Walton
Kisa hiki ni shahidi wangu, si wako. Watu 15 wa Hendon wameamua kiti, na maelfu yetu Walton hatuamui chochote. Tena mwaka 2011 hawakuulizwa kuhusu uwiano, yaani vyama kugawiwa viti kwa kadiri ya kura zao. Waliulizwa kama wagombea wapangwe kwa namba, wa kwanza, wa pili, wa tatu, na kiti kibaki kimoja kwa jimbo. Aliyekataa uji hajakataa wali.

Msomi wa Leicester
Basi ukubali kwamba kwa uwiano wako, Reform wangeingia bungeni na zaidi ya wabunge 90.

Kisiki wa Walton
Nakubali, na roho inaniuma.

Baba Wawili
Tanzania viti maalumu vya wanawake hugawiwa vyama kwa uwiano wa kura, kwa hiyo jambo hili si geni kwetu.

Msomi wa Leicester
Na Kenya rais lazima avuke nusu ya kura. Mbona hamkuiga hilo?

Mama Nuru
Jamani, mimi nimeleta kisa cha mkwe wangu, nanyi mnagombania mipaka.

Mkaa Glasgow
Mwombee kura ya posta, asimtegemee mtu.

Mjukuu wa Lualaba
Asithubutu. Bahasha yangu ilifika Jumamosi, siku mbili baada ya uchaguzi. Ateue wakala wa kumpigia.

Baba Wawili
Mimi nilimteua mke wangu kuwa wakala nilipokuwa safarini, na hadi leo hataki kuniambia alimchagua nani.

Mama Nuru
Mmechelewa nyote. Mama mkwe ameshajaza fomu ya kura ya posta, na anwani aliyoiandika ni ya kwa shemeji yangu.