Mdahalo wa mageuko na Muumba: niuongozeje? Naomba ushauri

Wakuu, shikamooni wakubwa, wengine mambo.

Nafundisha baiolojia sekondari hapa Lindi. Wanafunzi wameomba mdahalo: viumbe vilitokea kwa mageuko, au ulimwengu una kusudi? Nimekubali, sasa natafuta namna ya kuuongoza.

Upande wa mageuko hauna shida, mfano uko jirani. Kwenye kilima cha Tendaguru, huku huku Lindi, kati ya 1909 na 1913, Wajerumani walichimbisha mifupa ya dinosaria walioishi miaka kama milioni 150 iliyopita. Babu zetu waliichimba na kuibeba kwa miguu hadi bandarini Lindi, ikapelekwa Berlin. Mmoja amesimamishwa kule, ana kimo cha zaidi ya mita 13. (Sisi tunamwona kwenye picha. Haya.)

Kazi ipo upande wa pili. Vijana wangu wengi ni Waislamu, wachache Wakristo, na wanadhani ukikubali mifupa umemkana Mungu. Mimi sioni hivyo. Darwin, mwenye nadharia ya mageuko, alieleza viumbe hubadilikaje kizazi hadi kizazi. Kwa nini ulimwengu upo kabisa ni swali jingine. Lemaître, mwanafizikia wa Ubelgiji aliyeandika mwaka 1927 kwamba ulimwengu unatanuka, alikuwa padri wa Kikatoliki.

Ila nikisema hayo mwanzoni, nitakuwa nimeua mdahalo.

Waliowahi kusimamia mada kama hii: niyaseme mwishoni au ninyamaze kabisa? Nimwalike shehe na padri, au watageuza mahubiri? Na mzazi akija juu, nimjibu nini? Mkuu wa shule ameshaanza kuniangalia kwa jicho la pembeni.