Baht 19,200 nimelipa kulala "nyumba ya asili" Bangkok, nimekoma jamani

Wakuu habari zenu. Mods naomba uzi huu uachwe hapa hapa kwenye safari, msiupeleke kwenye vichekesho maana mi sicheki.

Mi nauza nguo za kike Kariakoo, Bangkok naenda mwaka wa tano huu, mzigo nachukua masoko ya nguo ya Pratunam na Bobae na siku zote nalala gesti moja ya kawaida kabisa karibu na soko, baht 900 kwa usiku, chumba kama kiberiti lakini lifti ipo, maji ya moto yapo, ukishuka tu umeshafika kazini. Safari hii mdogo wangu akaniambia dada na wewe jipende kidogo, kila mwaka unalala chumba hata dirisha hakina. Akanionyesha kwenye app nyumba ya Kithai ya zamani, mbao za mtiki tupu, paa limechongoka kama mikono ya mtu anayeomba dua, chini mtungi mkubwa una mayungiyungi, na wameandika kwamba ni sehemu tulivu katikati ya jiji. Baht 3,200 kwa usiku. Nikapiga hesabu, kama laki mbili na nusu ya kwetu, roho ikaniuma, ila nikaziangalia zile picha tena nikasema acha na mimi niweke status za maana. Hilo kosa ni langu, nimelikubali mapema ili msije mkanisema huko chini.

Nimefika jioni, mwezi wa tisa, mvua ya Bangkok mnaijua ilivyo haina salamu. Teksi ikaishia barabara kubwa, dereva akanyoosha mkono kwenye uchochoro (wao wanaita soi) akasema gari haliingii. Nikaburuta begi na shangazi kaja langu kwenye madimbwi, bodaboda wa vesti za machungwa wananipita wananimwagia maji, mpaka getini. Mlinzi wa nyumba mama mmoja mtu mzima, nilimwita Pii maana ndo wanavyomwita aliyekuzidi umri, kama sisi dada, mama wa watu mwema kabisa na sina ugomvi naye hata kidogo. Ugomvi wangu ni na mwenye nyumba ambaye sikuwahi kuiona sura yake, yeye kazi yake meseji tu.

Sasa nyumba yenyewe. Hizi nyumba za Kithai za asili zinakaa juu ya nguzo, kwa sababu ya mafuriko, hewa na nyoka, hilo nilikuwa nalijua. Nisilolijua ni kwamba ngazi iko nje, imesimama wima kama ya kupandia darini, na mvua inainyeshea. Viatu unavua chini kwa hiyo unapanda peku kwenye mbao zimelowa. Ukifika juu, mlango una kizingiti kimenyanyuka mpaka kwenye muundi na Pii akanionyesha kwa mikono kwamba hicho hakikanyagwi, ni mwiko, unakiruka. Sawa, mila zao naziheshimu, hata kwetu kuna vitu havikanyagwi, lakini hebu we jaribu kuruka kizingiti na begi la kilo 23. Usiku ule ule niliacha kucha ya kidole gumba pale.

Afu kumbe siyo nyumba moja! Ni vijumba vitatu, kila kimoja na paa lake, vimepangwa kuzunguka jukwaa la mbao ambalo liko WAZI. Kwenye picha hilo jukwaa ndo limependezesha, wameweka mito na taa na chai. Chumba changu kijumba cha kushoto, choo na bafu kijumba cha kulia. Mmeelewa hapo? Saa 8 usiku tumbo limenibana, mvua inapiga, mi na khanga kichwani navuka jukwaa linateleza kama bamia kwenda chooni, nikirudi nimelowa hadi nywele na nywele nilikuwa nimesuka juzi yake. Usiku wa pili nikateleza kweli, nikakalia mkono, mpaka leo kiwiko kinaniuma nikinyanyua robota. Nikamwandikia mwenye nyumba, akajibu hiyo ndo nyumba ya asili, wazee wao walikuwa wanakaa hivyo.

Wazee wao walikuwa wanalipa baht 3,200??

AC. Kwenye tangazo wameandika ina AC. Ipo kweli, imetundikwa ukutani. Sasa ukuta wenyewe ni vipande vya mbao vilivyounganishwa bila misumari, umeinama kidogo kwenda ndani, na sakafu mbao zimeachiana nafasi makusudi ili hewa ipande kutoka chini. Ni akili kubwa sana ile, nasema kweli, bibi yangu Tanga nyumba yake ya udongo na makuti ilikuwa na ubaridi ambao mi fleti yangu ya Kinondoni haijawahi kuuona. Ila hakuna mtu mwenye akili timamu anayefunga AC kwenye makuti! Ile AC ilikuwa inahangaika kupoza Bangkok nzima, inaunguruma usiku kucha mi natoka jasho, na mbu wanapita chini ya sakafu wananipigia hodi unyayoni. Neti hakuna. Nilipoomba neti nikaletewa ule udi wa mbu wa kuzunguka, mmoja, eti niuchome ndani ya nyumba ya mbao kavu tupu.

Na hizo nafasi za sakafu ngoja niwaambie. Siku ya kwanza hereni yangu ilianguka sakafuni, nikaisikia inagonga kitu chini, kumbe imetua juu ya kava la pikipiki ya jirani anayepaki uvunguni. Asubuhi saa 12 kuna mtu anawasha jiko la mkaa pembeni ya ukuta, anachoma mishikaki ya kuuzia watu wanaowahi kazini. Mishikaki ya nguruwe. Mimi ni Muislamu, nimelala, moshi wa nguruwe unapanda kwenye sakafu unaingia kwenye shuka, kwenye nywele, kwenye magauni 140 ya mzigo niliyoyapanga pale chini. Muuzaji simlaumu, yuko kwenye riziki yake, pengine yupo hapo kabla hata hiyo app haijazaliwa. Namlaumu aliyeandika "harufu ya maua ya bustani".

Utulivu sasa. Nyumba iko nyuma ya mfereji wa Saen Saep. Wanaoijua Bangkok wameshaguna hapo. Kwa ambao hamjaenda, ule mfereji ni kama barabara ya mwendokasi ya majini, maboti marefu yanabeba watu wanaokimbia foleni, makondakta wamevaa helmeti wanatembea ukingoni kudai nauli na abiria wanavuta maturubai ya plastiki yale maji machafu yasiwarukie. Mi mwenyewe nayapanda, yana raha yake na nauli ni rahisi. Lakini yanaanza saa 11 na nusu alfajiri na injini zake ni za kuamsha wafu, kila likipita na zile mbao za nyumba zinatetemeka, glasi mezani inatembea. Ukimaliza maboti kuna mjusi mmoja mkubwa wa madoa anaishi darini, usiku anaita TOK-KEE, TOK-KEE, mara sita mara saba, ukidhani amemaliza anaanza tena. Nikauliza. Nikaambiwa ni asili.

Kitu pekee kilichokuwa na huduma nzuri pale ni kile kijumba kidogo cha mizimu uani, kile kinachokaa juu ya nguzo, maana chenyewe kila asubuhi kinaletewa maua mapya na Fanta nyekundu imefunguliwa na mrija juu. Mimi nimelipa, maji ya kunywa nimejinunulia mwenyewe mpaka naondoka.

Na msiniambie nyumba za hivyo ndo zilivyo zote, kwa sababu hasira zilinipeleka mpaka kwenye ile nyumba ya Jim Thompson, yule Mmarekani wa biashara ya hariri aliyepotea Malaysia mwaka 1967 mpaka leo hajaonekana. Iko kwenye mfereji huo huo wa Saen Saep. Yeye alichukua nyumba sita za zamani za mtiki akaziunganisha kuwa moja, akahamia mwaka 1959, na ngazi akaiweka ndani chini ya paa. Ndani! Yule mtu alikaa akafikiria mvua. Ng'ambo ya mfereji ndo Ban Krua, mtaa wa Waislamu wenye asili ya Cham (kabila la huko Vietnam na Kambodia) waliokuwa wanamfumia hariri, na mi chakula cha halali nilikuwa nafuata mitaa hiyo ya Petchaburi, wali na kuku safi kabisa, nafuu ya hiyo safari nzima ilikuwa pale kwenye sahani.

Sasa tuje kwenye pesa ndo maana nimefungua uzi. Nilipoingia niliacha dipoziti baht 5,000. Siku ya kuondoka vijana wa kago wamekuja, wamebeba mzigo mgongoni hakuna kilichoburutwa, Pii mwenyewe ameona. Nimefika airport nasubiri ndege napata meseji, sakafu ina mkwaruzo, mbao ni ya miaka mingi, dipoziti hairudi. Nikatetemeka. Bahati nzuri mi ile siku ya kwanza nilirekodi video ya kuwarushia wanangu, nikazungusha simu chumba kizima, na ule mkwaruzo upo, uko pale pale karibu na mguu wa kitanda, unang'aa. Nikamtumia. Akakaa kimya masaa mawili, akaja na hadithi nyingine eti huo wa zamani huu mpya uko juu yake. Mkwaruzo juu ya mkwaruzo wakuu!

Nikakumbuka kitu. Huyu mtu hakuwahi kuniomba hata kopi ya pasipoti, wakati kwao anayempokea mgeni kutoka nje anatakiwa aripoti uhamiaji ndani ya masaa 24. Na sheria yao ya hoteli ya 2004, ukipangisha watu kwa siku badala ya mwezi unahesabika una hoteli, uwe na kibali, na hata vile vidogo vyenye vyumba vichache vinatakiwa vijitambulishe serikalini. Nikamuuliza kistaarabu tu, samahani ndugu, mimi uliniripoti lini, na kibali chako namba ngapi, nataka niwape polisi wa watalii, simu namba 1155. Dakika kumi hazikufika baht 2,500 zimerudi. Nusu! Yaani mtu anakubali kosa nusu.

NYONGEZA: Mkuu uliyeuliza kwa nini sikuhama usiku wa kwanza, nilishalipa usiku zote sita na kwenye masharti hakuna kurudishiwa, nimesoma masharti baada ya kulipa kama wewe unavyosoma. Na wewe uliyesema nimefuata ushamba, nenda kalale wewe afu uniletee kiwiko chako.

NYONGEZA 2: Mzigo umefika Dar jana. Nimefungua robota la kwanza mbele ya mteja wangu wa Morogoro, akanusa gauni, akaniangalia, akanusa tena, akauliza, "Mama, hizi nguo zilikuwa kwenye banda la chipsi?" Hizo baht 2,500 zilizobaki mi namdai bado, na mwenye uzoefu wa kuibana app irudishe hela mtu akiwa ameshaondoka nchini aniandikie hapa hapa, PM sifungui.