Mrejesho: diski za breki za mbele, pikapu ya zamani ya 4WD

Wakuu, niliuliza kwa nini diski hazitoki hata kalipa (kishikio cha pedi za breki) ikishafunguliwa, na usukani unatetemeka nikikanyaga breki. Aliyesema diski imefungwa kwa bolti nyuma ya habu (kitovu cha gurudumu) alipatia. Ikabidi habu nzima ishuke: loki ya gurudumu (inayounganisha habu na ekseli ya 4WD), nati mbili kubwa na washa ya kufuli katikati yake, ndipo bearingi zikatoka. Grisi ilikuwa nyeusi, imeganda kama lami. Nimeosha, nikajaza mpya, na sili mpya. Nati ya ndani nilikaza huku nikizungusha habu, nikalegeza, nikakaza tena kidogo hadi habu ikaacha kucheza. Hapo msiharakishe. Usukani umetulia. Kuna mlio mdogo upande wa kushoto. Nadhani pedi bado hazijakaa vizuri kwenye diski.